The Office ya Uingereza na ya Marekani: bosi unayemkimbia na bosi unayemrudia

#1 – Karani wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna ubishi hauishi kwenye magrupu ya wapenda series: The Office ipi kali, ya Waingereza au ya Wamarekani? Upande mmoja watakwambia Wamarekani wameharibu kazi ya watu. Upande wa pili watakwambia Waingereza hawachekeshi, ni watu wanatazamana tu ofisini huku nje kumefunga wingu. Nimezitazama zote mbili mwanzo hadi mwisho, zaidi ya mara moja, na naona watu wanapigana mbali na uwanja. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye chai yake akae.

Kwa ambaye hajaiona kabisa: ni ofisi ya kampuni ya kuuza karatasi. Bosi anajiona mchekeshaji na rafiki wa wote, kumbe watu wanamvumilia kwa sababu ya mshahara. Kuna kijana wa mauzo mwenye akili aliyekwama pale, anampenda dada wa mapokezi, na dada ana mchumba. Kuna jamaa mnoko anayejiona ndiye namba mbili wa ofisi. Na kuna kamera, maana yote yanachukuliwa kana kwamba ni makala ya kweli ya maisha ya kazini. Wapo wanaoikwepa hiyo kamera na wapo wanaoitumia kujisifu. Hakuna vicheko vya kupandikiza. Ukicheka umecheka mwenyewe, tena mara nyingi umejiziba uso kwa aibu ambayo hata si yako.

Ya Uingereza ilianza kurushwa BBC Two Julai 2001. Walioiandika na kuiongoza ni wawili, Ricky Gervais na Stephen Merchant, na Gervais mwenyewe ndiye David Brent, meneja wa tawi la Wernham Hogg mjini Slough. Episodi 6 mwaka 2001, nyingine 6 mwaka 2002, halafu vipindi viwili vya Krismasi 2003. Basi, wakafunga duka. Jumla 14. Januari 2004 wakaenda Marekani kubeba Golden Globe ya komedi bora, kitu ambacho hakuna komedi ya Uingereza iliyowahi kukipata kabla yao, na Gervais akaongeza ya mwigizaji.

Ya Marekani ilianza NBC Machi 2005 chini ya Greg Daniels, mtu aliyetokea kwenye The Simpsons na King of the Hill. Kampuni ni Dunder Mifflin, mji ni Scranton, Pennsylvania, bosi ni Michael Scott, anayechezwa na Steve Carell. Misimu 9, episodi 201, ikafungwa Mei 2013.

Shikeni namba hizo mbili: 14 na 201. Mimi nasema karibu kila tofauti tunayogombania imezaliwa hapo, wala si kwenye Waingereza kuwa na akili nyingi au Wamarekani kuwa na roho nzuri.

BBC inaendeshwa kwa ada ya leseni wanayolipa wenye televisheni. Haikatishi kipindi kwa matangazo ya biashara, kwa hiyo nusu saa yake ni nusu saa kweli. Na kule komedi ya episodi 6 kwa msimu ni jambo la kawaida. Waandishi wawili wanajifungia, wanaandika, wakiona imetosha wanaacha. Ukiwa na saa saba na ushee tu za kukaa na David Brent, anaweza kukukera mpaka unyanyuke kwenye kochi, na bado utarudi kwa sababu mwisho unauona kwa macho.

NBC inakula matangazo. Nusu saa yao ukiyatoa inabaki dakika 22 hivi, na msimu mmoja unaenda episodi 22 na zaidi. Juu ya hapo, hela nene ya komedi za Marekani iko kwenye marudio: ukishafika kama episodi 100, vituo vingine vinanunua na kurusha kila jioni. Sasa jiulize, nani atamkaribisha David Brent sebuleni kila jioni kwa miaka tisa? Hata mama yake angechoka. Bosi ilibidi apendwe, la sivyo kazi inakufa.

Na kweli ilitaka kufa. Walianza kwa kunakili. Episodi ya kwanza ya Scranton ni ile ile ya Slough, mahali pengi neno kwa neno, hadi stepla iliyogandishwa ndani ya jeli. Tazama tukio moja uone nakala inavyoteleza. Bosi amekaa na kijana mpya wa kibarua, anataka kumwonyesha jinsi ofisi yake ilivyo ya raha. Anamwita dada wa mapokezi, anakaza uso, anamwambia amegundulika anaiba vikaratasi vya kunata, kwa hiyo leo ndiyo mwisho wake. Dada anaanza kulia.

Kwa Gervais, tazama macho. Brent anamtupia jicho yule kijana, anatazama kamera, anarudi kwa Dawn, yule dada wa mapokezi, anatafuta nani atacheka ili ajue amefaulu. Hakuna. Utani umemfia mkononi na hana pa kuutupa. Dawn anamtukana tusi la Kiingereza zito na kumwambia ni mtu duni wa kusikitisha, naye anabaki na lile tabasamu ambalo midomo inacheka na mashavu yanakataa. Kwa Carell maneno ni yale yale, Pam, dada wa mapokezi wa Scranton, analia vile vile, tusi limepunguzwa makali kwa ajili ya televisheni ya familia, lakini tukio limelala. Ni suti ya kuazima: vifungo vinafunga, mabega si yake. Brent anajua ndani kabisa kwamba hachekeshi, ndiyo maana anahangaika. Michael hajui. Hajui kabisa, masikini ya Mungu. Ukimwandikia mistari ya mtu anayejua, anaonekana katili tu.

Msimu huo wa kwanza wa Marekani ni episodi 6, na nikimpa mtu flashi ya series hii namwambia aruke nusu yake.

Halafu Agosti 2005 ikatoka The 40-Year-Old Virgin, Carell akawa staa wa sinema, na NBC ikawa na sababu ya kuvuta subira. Msimu wa pili wakaja na mtu mpya ndani ya jina lile lile. Zile nywele za kulaza kwa mafuta zikaondoka. Lakini kilichoniingia mimi ni episodi ya The Client, ya Novemba 2005. Michael na bosi wake Jan wanaenda kukutana na mteja mkubwa wa serikali ya eneo lile. Jan anataka mkutano rasmi, Michael kahamishia kwenye mgahawa, anakula mbavu, anaimba, anapiga stori za ovyo usiku mzima. Jan anaona mambo yameharibika. Mwisho wa usiku mteja mwenyewe anaanza kulalamika kwamba wakubwa wake wanataka abane matumizi, na Michael, ambaye muda wote alikuwa anasubiri tu dakika hiyo, anafunga biashara kwa sentensi chache za utulivu. Kumbe jamaa ni muuzaji hatari! Ndiyo maana alipandishwa cheo, na ndiyo maana hawamfukuzi. Umenielewa? Wamempa sababu ya kuwepo. Brent hana. Slough haina jibu la kwa nini Brent ni meneja, na nadhani ndivyo walivyotaka, maana sote tumewahi kuwa chini ya meneja wa namna hiyo na hakuna aliyetueleza.

Sasa njoo kwenye michoro, hapa ndipo penyewe.

Dawn na Pam wote wawili ndoto yao ni kuchora. Wote wana wachumba wanaotoka upande wa stoo ambao wanaona kuchora ni kupoteza muda. Msimu wa tatu, Pam anashiriki maonyesho madogo ya sanaa na kuwaalika watu wa ofisi. Saa zinapita, karibu hakuna mtu. Mwenzake mmoja aliyefika anasikika akisema ujasiri na ukweli si nguvu za Pam. Pam anaanza kubandua picha zake ukutani. Anaingia Michael, amechelewa, ametoka kudhalilishwa na wanafunzi wa chuo cha biashara mchana huo. Anatazama picha moja moja kwa mshangao wa kweli. Anafika kwenye mchoro wa jengo la ofisi yao, anaonyesha dirisha lake, anauliza bei. Anamwambia anajivunia yeye. Pam anamkumbatia, na mchoro unaenda kuning'inia ofisini mpaka episodi ya mwisho kabisa.

Brent hawezi kufanya hivyo. Angefika kwenye maonyesho, angesimama mbele ya mchoro na kuanza kueleza jinsi yeye mwenyewe alivyokaribia kuwa msanii. Kwa Waingereza kazi ya kumtia moyo Dawn anaifanya Tim, yule kijana wa mauzo, tena kimya: zawadi ya Krismasi isiyo na jina la mtoaji, seti ya rangi za mafuta, na kikaratasi cha kumwambia asikate tamaa. Anaifungua ndani ya teksi, yuko na mchumba wake, safari ya uwanja wa ndege. Wote tuliotazama tunajua kilichofuata, ambao hamjatazama sitawaharibia.

Kwa hiyo mchoro ule ule, Marekani unamwokoa bosi, Uingereza unamwacha bosi nje ya mlango. Hapo ndipo 14 na 201 zinapoachana.

Kuna kitu kimoja ambacho nawapa Waingereza bila ubishi, nacho ni sauti. Mwisho wa msimu wa pili Tim anahojiwa na kamera, anajieleza kwamba mambo ya Dawn yamepita, katikati ya sentensi ananyanyuka. Anamfuata, anamwingiza kwenye chumba cha mikutano, anafunga mlango, anachomoa maiki. Sauti inakatika. Kamera imebaki nje ya kioo, tunaona midomo, tunaona wanakumbatiana, hatusikii neno. Anatoka, anarudi kwenye meza yake, anachomeka maiki, anatuambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba amekataa. Wamarekani nao wana tukio lao kubwa, maegesho ya magari usiku wa kamari mwisho wa msimu wa pili, Jim, kijana wa mauzo wa kwao, anamwambia Pam anampenda, tena episodi hiyo aliiandika Carell mwenyewe. Nzuri, nimelipenda, ila linasema kila kitu kwa mdomo.

Na jambo la mwisho: hofu. Slough, tangu episodi ya kwanza makao makuu yanasema tawi moja litafungwa, lao au la Swindon, watu watapunguzwa. Hiyo hofu haiondoki. Inamaliza na Brent mwenyewe: wanamwambia amepunguzwa akiwa amevaa vazi la ndege mkubwa la siku ya michango ya hisani, miguu bandia inaning'inia mbele. Siku ya mwisho anawabembeleza wasimtoe, sauti inamkatika. Scranton nao wanatishiwa kufungwa, tena mara kadhaa, lakini ukishajua kuna msimu mwingine Septemba, unakula popcorn tu.

Msimamo wangu: kama kazi iliyokamilika, ya Uingereza iko juu. Kama ya kuishi nayo, Marekani, msimu wa 2 hadi wa 5. Na walipaswa kufunga Carell alipoondoka mwaka 2011. Karibuni tukatane.

#2 – Siti ya Dirishani

Nimeweka kambi. Endeleeni.

#3 – Bitiruti za Dwight

Mkuu umeandika vizuri lakini umefanya kosa la mashabiki wote wa Brent, umezungumzia bosi na wapenzi wawili tu. Utamu wa Scranton ni wale waliokaa nyuma. Stanley na mafumbo yake ya maneno, anayehesabu saa za kutoka. Kevin. Angela na paka wake. Creed ambaye hakuna anayejua kazi yake ni ipi. Phyllis, na yule mama alikuwa anafanya kazi idara ya kutafuta waigizaji, kazi yake kuwasomea wengine mistari, wakaona wamweke yeye mwenyewe. Oscar na vitabu vyake vya hesabu. Slough nipe mtu wa kukaa nyuma unayemkumbuka, ukiacha Keith na yai lake.

Halafu umesema waandishi wawili kama sifa. Scranton waandishi walikuwa wanakaa humo humo mbele ya kamera! B.J. Novak ndiye Ryan, Mindy Kaling ndiye Kelly, Paul Lieberstein ndiye Toby, na hiyo The Client unayoisifia ameiandika huyo huyo Toby. Episodi nyingi si balaa tu. Zinampa mtu wa pembeni nafasi ya kuwa mtu.

#4 – Mzee wa Berkshire

Salaam kutoka Uingereza wadau. Niko jirani na Slough miaka mingi, acheni niwape picha. Ni mji ulioko magharibi ya London, karibu na uwanja wa Heathrow, ndege zinapita juu ya kichwa mchana kutwa. Una eneo kubwa la viwanda na maofisi la tangu miaka ya 1920, na Mars wanatengenezea chokoleti pale tangu 1932. Ukitaja Slough mbele ya Mwingereza anacheka kabla hujamaliza. Mshairi John Betjeman aliandika shairi mwaka 1937 akiyaomba mabomu yaje yaangukie Slough, na humo ndani ya series Brent analisoma mbele ya kamera kwa kinyongo, anamkosoa mshairi kwamba matatizo ya mipango miji hayatatuliwi kwa mabomu. Nilicheka nusu nife, maana anamsahihisha kwa uso wa diwani.

Kwa hiyo mleta uzi, ni kweli suala la namba, lakini mahali nako kuna mchango. Scranton ni mji wa makaa ya mawe na reli ulioshuka, ila Wamarekani wanautazama kwa huruma, mji wa watu wa kawaida wanaojituma. Slough hakuna anayeuhurumia. Wale wahusika wanaona aibu kuwa pale, na aibu hiyo iko kwenye kila kikombe cha chai.

#5 – Karani wa Zamu

Bitiruti, Keith umemtaja mwenyewe, nashukuru. Ile tathmini ya utendaji ambapo Brent anamsomea fomu na Keith hajajaza sehemu yake hata mstari, mimi sihitaji watu wa nyuma ishirini, huyo mmoja ananitosha. Lakini hoja ya waandishi kuigiza naikubali mia kwa mia.

Mzee wa Berkshire, ahsante sana. Hiyo ya uso wa diwani nimeiiba.

#6 – Dada wa Utumishi

Naomba niwavuruge kidogo kaka zangu.

Nafanya kazi idara ya utumishi, kwa hiyo kwenye hii series mimi niko upande wa Toby, mtu wa utumishi wa Scranton. Mnamsifia Michael Scott kwa kununua mchoro. Sawa. Huyo huyo mwanzo wa msimu wa tatu anatangaza mbele ya ofisi nzima kwamba Oscar ni shoga, jambo ambalo Oscar mwenyewe hakuwa amelisema kwa mtu, kisha anambusu kwa nguvu mbele ya watu ili kuonyesha hana ubaguzi. Kule kwenye siku ya mafunzo ya utofauti wa watu, msimu wa kwanza, anamwigizia Kelly lafudhi ya Kihindi usoni mpaka anapigwa kofi. Dakika ishirini na mbili zikiisha, muziki laini, amesamehewa. Wiki ijayo anarudia.

Mimi hilo ndilo linalonikera Marekani, na wala si suala la namba. Series ile inafundisha kwamba bosi akiwa mpweke na moyo wake mzuri, basi anayoyafanya kwa walio chini yake ni vituko. Faili ambazo mimi nafungua zina mabosi wapweke wenye moyo mzuri wengi tu. Brent naye anasema upuuzi ule ule, lakini Waingereza hawambembelezi mtazamaji. Neil, bosi mpya wa Brent, anakuja, anamwonya, Brent haelewi, anatoka. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kwenda.

#7 – Bitiruti za Dwight

Dada umeleta habari za ofisini kwenye komedi 😂

#8 – Karani wa Zamu

Bitiruti usimcheke, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote humu. Dada wa Utumishi, nakubaliana nawe kuhusu msamaha wa kila wiki, ila naona hapo hapo namba zinarudi kwa mlango wa nyuma: bosi asiyefukuzika anahitaji kusamehewa. Wangemwadhibu kwa haki msimu wa tatu, wa nne ungekuwa na nani? Pale nisipokubali ni kwamba Waingereza hawambembelezi mtazamaji. Vipindi vya Krismasi vinambembeleza. Brent anazunguka na gari anauza vifaa vya usafi, usiku anajidhalilisha kwenye klabu kama mtu maarufu wa televisheni, halafu mwishoni kabisa wanampa mwanamke anayecheka naye, wanampa nafasi ya kumwambia Finchy, rafiki yake mwenye mdomo mchafu, mbele ya watu aondoke zake, na picha ya pamoja ambayo wafanyakazi wanacheka kweli. Ukitazama hiyo saa ya mwisho, Michael Scott yumo mle tayari. Gervais na Merchant wangeendelea misimu mitatu zaidi, nao wangefika Scranton.

#9 – Dada wa Utumishi

Ndiyo maana hawakuendelea. Naishia hapo, nina kikao.

#10 – Mkenya Halisi

Habari zenu majirani. Mimi niko Nakuru na nawasoma tangu asubuhi. Mnaongea kana kwamba Wamarekani kunakili komedi za Waingereza ni mambo ya The Office pekee. Hawa wamekuwa na tabia hii tangu zamani na mara nyingi wanaanguka vibaya. Fawlty Towers wameijaribu mara tatu! Moja iliishia kwenye episodi ya majaribio 1978, ya pili Bea Arthur akawekwa badala ya John Cleese mwaka 1983, ya tatu CBS 1999, zote zikafa. Coupling waliileta NBC 2003, hao hao NBC, maandishi karibu yale yale, ikaondolewa hewani baada ya episodi nne tu. Kwa hivyo 2005 walipoleta The Office watu walikuwa wanangoja kuizika.

Zilizofaulu ni zile zilizobadilisha damu yote. Steptoe and Son ya wazee wa vyuma chakavu London ikawa Sanford and Son, familia ya watu weusi Los Angeles, 1972. Till Death Us Do Part ikawa All in the Family. Ukinakili unakufa, ukiiba vizuri unaishi.

#11 – Mwalimu Mstaafu

Vijana, kabla ya hizo zenu kulikuwa na Mind Your Language. Sisi wa umri huu tunaijua vizuri, Mwalimu Brown na darasa lake la wageni wanaojifunza Kiingereza London, 1977 hadi 1979. Sijui kama mna habari kwamba nayo Wamarekani waliichukua, wakaiita What a Country!, 1986, msimu mmoja ikaisha. Badala ya darasa la lugha wakaweka darasa la wanaotafuta uraia, na mchekeshaji Yakov Smirnoff, mzaliwa wa Ukraine, akawa mkubwa wa darasa. Hoja ya bwana wa Nakuru haijakaa sawa kwangu: hao damu waliibadilisha, na bado hawakudumu. Mwalimu Brown alikuwa mpole mwenye mkuu wa shule mkali juu ya kichwa chake, akibanwa juu na chini. Utani wote unapita kwake. Ukimtoa, unabaki na watu wanaokosea maneno, na hilo halifiki mbali. Tena leo ukiitazama ile ya Uingereza, namna walivyochora Wahindi na Wachina inatia aibu, hata kama tulicheka.

#12 – Karani wa Zamu

Mwalimu, shikamoo. Hapo kwenye mtu ambaye utani wote unapita kwake umenisaidia kusema nilichoshindwa kusema kuhusu msimu wa 8 na wa 9. Carell alipotoka, Scranton ilibaki na watu wazuri wote wale anaowasifia Bitiruti, na hakuna wa kuwapitishia. Wakajaribu Andy, wakajaribu Robert California, wakamfanya fundi wa maiki kuwa mhusika katika ndoa ya Jim na Pam. Episodi ya mwisho kabisa imekaa vizuri, na Michael anatokea kwa muda mfupi tu kama mpambe wa Dwight, yule mnoko wa Scranton, lakini njia ya kufika pale ni ndefu mno.

#13 – Siti ya Dirishani

Swali la mgeni. Kuna toleo la nchi nyingine?

#14 – Mzee wa Berkshire

Mengi. Wajerumani walifanya Stromberg 2004, hata kabla ya Marekani. Wafaransa 2006, halafu Chile, Israeli, Uswidi, Ufini, India, Poland. Wasaudi wametoa yao 2022. Australia 2024 wakaweka bosi mwanamke. Kila nchi inaonekana ina huyo mtu.

#15 – Mkenya Halisi

Na msisahau Brent na Michael waliwahi kukutana. Msimu wa saba, Januari 2011, wanapishana kwenye lifti Scranton, wanapiga utani, wanaelewana papo hapo, wanakumbatiana kama ndugu waliopotezana. Kisha Brent anauliza kama kuna nafasi ya kazi. Michael anamjibu kwa sasa hakuna.

#16 – Siti ya Dirishani

Nianzie wapi sasa? Bando langu ni la kuungaunga.

#17 – Karani wa Zamu

Kama bando ni dogo anza na ya Uingereza, zote 14, kwa mpangilio, usiruke. Wikiendi mbili umemaliza. Ukishindwa na Brent kwenye episodi ya pili usijilazimishe, nenda Marekani uanzie The Dundies, episodi ya kwanza ya msimu wa pili, halafu shuka nayo mpaka The Client. Usipompenda Michael Scott kufikia hapo, basi series hii si yako, na Nielsen, wale wanaopima watazamaji wa televisheni, wamehesabu dakika zaidi ya bilioni 57 zilizotazamwa Marekani mwaka 2020 peke yake bila msaada wako.

#18 – Dada wa Utumishi

Nimetoka kikaoni. Mpeni na ile ya Toby anarudi kutoka Costa Rica, Michael anapiga kelele za hapana ofisi nzima inasikia. Hiyo hata mimi nacheka.